Syria 2013: vitisho vya Obama au ujanja wa Urusi, nini kilizitoa zile tani 1,300 za kemikali?

#1 Kombo wa Chake
Wakuu salaam. Nina hoja, mje mnipinge kwa hoja na si kwa matusi.

Kila likitajwa jina la Obama na Syria, watu husema alichora mstari mwekundu, kwamba Syria ikitumia silaha za kemikali atachukua hatua, kisha akaingia mitini. Mimi nasema yule ndiye pekee aliyempokonya Assad, rais wa Syria, sumu kwa wingi, tena bila kufyatua hata kombora moja. Trump alirusha makombora 59 ya Tomahawk kwenye kambi ya ndege za kivita ya Shayrat Aprili 2017, akarudia Aprili 2018 akiwa na Waingereza na Wafaransa. Sumu ya kiasi gani ilikabidhiwa baada ya hapo? Hakuna. Obama alizisogeza manowari zake Mediterania zikakaa tu, na kufikia Juni 2014 tani zipatazo 1,300 alizozitangaza Assad zilikuwa ama zimeteketezwa ama zimeshatoka Syria.

Swali: kilichomfanya Assad aachie ni hofu ya kupigwa, au ni meza ya mawaziri wa mambo ya nje, Kerry wa Marekani na Lavrov wa Urusi, kule Geneva? Na tafadhali msinijibu "vyote viwili", hilo jibu waachieni mabalozi.

#2 Chura Mkavu
Nimewahi siti ya mbele. Wajuzi karibuni.

#3 Mjomba Ruta
Mleta uzi, tishio gani hilo unaloliongelea? Zifuate tarehe taratibu.

Agosti 21, 2013 Ghouta, viunga vya Damascus, inapigwa kwa gesi ya sumu. Agosti 29 Cameron, waziri mkuu wa Uingereza, anaenda bungeni kuomba ridhaa, anabwagwa kwa kura 285 dhidi ya 272. Agosti 31 Obama anatokea bustanini Ikulu, anasema ameshaamua kupiga ila kwanza awaulize Congress. Congress wenyewe wako likizo! Septemba 9 Kerry yuko London, anawatuliza watu kwamba shambulio litakuwa dogo sana, dogo kiasi cha kutoaminika. Hebu kaa kwenye kiti cha Assad siku hiyo, utatetemeka kwa lipi?

Kwenye mkutano huohuo mwandishi akamuuliza kama kuna lolote linaloweza kuzuia vita. Kerry akajibu kwa kejeli kwamba Assad akabidhi kila kitu ndani ya wiki moja, kisha akaongeza kuwa hatafanya hivyo na haiwezekani. Saa chache baadaye Lavrov kalidaka. Waziri wa Mambo ya Nje wa Syria, Walid Muallem, alikuwa Moscow siku hiyohiyo, akaitikia papo hapo. Obama alikuwa anaelekea kushindwa na bunge lake mwenyewe, Urusi ndiyo iliyomtoa shimoni. Huwezi kumpa sifa aliyeokolewa.

#4 Otis_Umoja
Wiki hiyo naikumbuka kwa sababu nyingine kabisa. Kerry aliongea Jumatatu, Jumanne Septemba 10 kesi ya Ruto ikafunguliwa The Hague. Kenya nzima ilikuwa inatazama The Hague na hakuna aliyekuwa anatazama Syria. Halafu Jumamosi ya Septemba 21 ikaja Westgate. Azimio la Syria lilipopita Septemba 27, sisi tulikuwa bado tunazika watu.

Lakini niulize: mbona viongozi wetu walipandishwa ndege kwenda ICC, na Assad akapewa mkataba wa kutia sahihi?

#5 Mjomba Ruta
Otis, jibu ni kura ya turufu. Mei 2014 lililetwa pendekezo la kuipeleka Syria ICC. Nchi 13 kati ya 15 za Baraza la Usalama zikaunga mkono, Urusi na China zikalizima. Kenya haikuwa na mjomba wa kuinua mkono.

#6 dadaZuhura wa Maskati
Assalaam aleykum. Ruta hadithi yake tamu lakini kairuka sehemu. Watu wanapenda kusema Kerry aliteleza ulimi na Lavrov akaokota. Putin na Obama walikuwa wameshalizungumza hilo kando ya mkutano wa G20 St Petersburg, Septemba 5 na 6. Wazo lilikuwa limeshapikwa, lilikosa wa kulipakua tu. Mpango wa kurasa kadhaa wenye tarehe na masharti ulikubaliwa Geneva Septemba 14, siku 5 tu baada ya London. Hakuna wanadiplomasia wanaoandika kitu kama kile kutoka sifuri kwa siku 5.

Halafu kuna jambo hamligusi, na sisi tulioko huku tunaliona zaidi. Mwaka ule wa 2013 Wamarekani na Wairani walikuwa wanakutana kwa siri hapa Oman kuhusu nyuklia. Rouhani, rais mpya wa Iran, ndiyo kwanza kaapishwa Agosti. Angepigwa Assad, mshirika wa Iran, ile meza ya Maskati ingeendelea kuwepo? Mimi naona Obama alikuwa anatafuta mlango wa kutokea tangu mwanzo, na Iran nayo haikuwa na hamu ya kuitetea sumu. Watu wa Sardasht, mji wa Iran, walipigwa na Saddam kwa gesi ya haradali mwaka 1987, waathirika wengine bado wanakohoa mpaka leo.

#7 Profesa Uchwara
Nyote mnajenga ghorofa bila msingi. Nani kathibitisha kuwa Ghouta ni Assad? Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa waliingia Damascus Agosti 18. Shambulio Agosti 21. Mtu mwenye akili timamu anapiga gesi wageni wakiwa hotelini, kilomita chache tu kutoka hapo? Fungueni macho.

#8 Chura Mkavu
Balozi wa Urusi tawi la Mbagala keshafika. Sasa uzi umenoga.

#9 Mjomba Ruta
Profesa, swali lako linafaa kuulizwa, ila halijibu roketi. Ripoti ya hao wakaguzi wa Umoja wa Mataifa, timu ya Sellström, iliyotolewa Septemba 16 ilikuta mabaki ya roketi za milimita 140 na nyingine kubwa za milimita 330, za kurushwa kutoka ardhini kwenda ardhini, na sampuli zenye sarin, sumu inayoshambulia neva. Kwenye sampuli hizo ilikutwa hexamine pia. Serikali ya Syria ilipoorodhesha kemikali zake kwa OPCW, lile shirika la The Hague linalosimamia mkataba wa silaha za kemikali, hexamine ilikuwemo kwenye orodha yake yenyewe. Kazi yake ni kuipunguza makali ile asidi inayozalishwa sarin inapochanganywa.

Ila tuelewane: timu ile haikutaja mhusika. Agizo lake lilikuwa kuthibitisha kama sumu imetumika, basi. Wanaosema "UN ilimtaja Assad kwa Ghouta" wanakosea, na wanaosema "UN ilimsafisha" wanakosea pia.

#10 Profesa Uchwara
Hexamine ni vile vidonge vya kuwashia moto wa kupikia kambini, inauzwa kila mahali. Hapo hujathibitisha kitu, lakini endelea.

#11 MtuWaMaji
Habari zenu. Siasa siziwezi, ila gesi naijua kidogo maana kazi yangu ni kutibu maji na nimeshinda na mitungi ya klorini maisha yangu yote.

Kuna siku valvu ilivuja kwenye chumba cha dawa, mahali sipataji. Klorini ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni na unaiona, rangi ya kijani iliyofifia yenye unjano. Kijana mmoja mgeni akachuchumaa ajifunike uso kwa shati. Ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Tulimvuta kwa ukosi tukapanda naye ngazi hadi juu ya tangi, kuelekea upepo unakotokea. Alilazwa, akapona, lakini sauti yake haikurudi kama zamani.

Nalieleza hili kwa sababu ya Ghouta. Sarin haina rangi wala huioni, ila nayo ni nzito, inashuka. Ile ripoti ilieleza kwamba saa zile za kabla ya alfajiri ubaridi ulikuwa unaongezeka, hewa inashuka badala ya kupanda. Na raia walikuwa wamezoea kukimbilia vyumba vya chini ya ardhi mizinga inapolia. Aliyechagua saa ile alijua anachokifanya, awe nani.

#12 Kombo wa Chake
MtuWaMaji ahsante, huo ndio mchango.

Ruta, narudi kwako. Unasema tishio lilikuwa limekufa. Kama lilikuwa limekufa, Moscow ilikuwa na haraka ya nini? Lavrov hakusubiri hata usiku uingie. Syria ilikuwa haijawahi kukiri hadharani kwamba ina ghala la sumu, ukiacha ile kauli ya msemaji wao ya Julai 2012 kwamba wangeitumia kwa adui wa nje tu. Ghafla Septemba 2013 inajiunga na mkataba ambao iliukimbia miaka 20. Mtu hatoi meno yake kwa sababu ya hotuba. Congress ingeweza kukataa na Obama akapiga vilevile, na Putin hakuwa na namna ya kujua.

#13 NahodhaMstaafu_Kilindini
Nyie wa nchi kavu mnabishana nani kasema nini. Mimi nitawaambia kazi yenyewe ilivyokuwa, maana nilikuwa baharini miaka ile na Gioia Tauro kule kusini mwa Italia nimepapita.

Kwanza, mitambo. Ilipofika mwisho wa Oktoba 2013 mitambo ya kutengenezea na kujazia sumu ilikuwa imeharibiwa. Waliokata ni Wasyria wenyewe, kwa grenda na mitungi ya kukatia chuma, wakaguzi wamesimama pembeni wanaandika. Maeneo yaliyotangazwa yalikuwa 23, mwezi huo wakafika 21. Mawili yalikuwa kwenye mapigano.

Kisha ikaja shida: kemikali zipelekwe wapi? Hakuna aliyezitaka. Norway ilikataa. Albania iliombwa, watu wakajaa barabarani Tirana, Novemba 15 waziri mkuu Edi Rama akatangaza hapana. Na Albania ndiyo nchi ya kwanza duniani kumaliza kuteketeza silaha zake yenyewe, mwaka 2007! Ikabidi Wamarekani waje na akili ya kuziteketeza baharini.

Walichukua meli kuukuu ya magari, Cape Ray, aina ileile tunayoiona ikishusha Probox hapa Kilindini. Ndani yake wakafunga mitambo miwili yenye pipa la titani la zaidi ya lita 8,000. Hakuna moto. Sumu inachanganywa na maji ya moto na dawa kama magadi makali mpaka inavunjika, inabaki maji machafu ya kiwandani. Unaitikisa hivyo ukiwa juu ya mawimbi. Mimi nisingekubali hata kwa mshahara wa mwaka.

#14 Otis_Umoja
Wueh. Na hizo kontena zilitokaje Syria yenyewe, barabara si zilikuwa za risasi?

#15 NahodhaMstaafu_Kilindini
Otis, hapo ndipo pagumu. Zililetwa kwa malori hadi bandari ya Latakia. Warusi walileta malori na magari ya deraya, Wamarekani vifaa vya kuyafuatilia makontena, Wachina magari ya wagonjwa na kamera. Meli za kubeba zilikuwa Ark Futura ya Denmark na Taiko ya Norway, zikisindikizwa na manowari za nchi hizo mbili, za Urusi na za China. Fikiria, watu waliokuwa wanarushiana vijembe New York walikuwa msafara mmoja baharini.

Sumu kali zilitakiwa ziwe zimetoka kufikia Desemba 31, 2013. Shehena ya kwanza ilipakiwa Januari 7, 2014. Cape Ray ikakaa Rota, Uhispania, miezi inasubiri. Mwishoni asilimia kama 8 ilikwama ndani wiki kadhaa, serikali inasema barabara mbaya, Wamarekani wanasema mnachelewesha makusudi. Ya mwisho iliondoka Latakia Juni 23. Kontena 78 zikahamishiwa Cape Ray pale Gioia Tauro mapema Julai, na katikati ya Agosti wakamaliza: tani 600 hivi, nyingi malighafi ya sarin, na gesi ya haradali kama tani 20. Maji machafu yakaenda Finland na Ujerumani. Kemikali nyingine zikaenda kuchomwa Uingereza na Texas.

#16 Chura Mkavu
Nahodha ukianza meli hata swali la mleta uzi linasahaulika. Ila endelea tu, bando langu bado lipo.

#17 MwanaKivu
Bandugu, jambo. Mwaka ule ule wa 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098, likatuletea brigedi ya kupigana, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na Novemba waasi wa M23 wakafukuzwa huku kwetu Kongo. Kwa hiyo vitisho vikiwa na askari nyuma yake vinafanya kazi. Kombo nakuunga mkono.

#18 dadaZuhura wa Maskati
MwanaKivu, ilifanya kazi kwa muda gani? M23 hao hao wako wapi leo?

#19 MwanaKivu
Dada, wako Goma, Januari 2025 waliingia. Umenifunga mdomo kwa M23, lakini kwa Syria bado. Na Rwanda, jirani yetu, ilikuwa ndani ya Baraza lile 2013, iliinua mkono kwa azimio 2118, lile la Syria la Septemba 27, pamoja na wengine wote 14. Hilo nalo liandikwe.

#20 dadaZuhura wa Maskati
Sawa, tuingie kwenye 2118, maana ndiko ugonjwa uliko. Wote mmeinukuu tani 1,300 kama vile aliihesabu mtu baki. Aliihesabu Assad. Mwizi ndiye aliyepewa daftari aorodheshe alivyoiba, na polisi wakakagua kile tu kilichomo kwenye daftari.

Soma azimio lenyewe. Linasema Syria ikikaidi, Baraza litachukua hatua chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa UN, ile inayoruhusu vikwazo na nguvu. Maana yake ni lazima lije azimio jingine, na azimio jingine lina kura ya turufu. Ndivyo ilivyokuwa: Februari 2017 pendekezo la vikwazo kwa sababu ya sumu likapigwa turufu na Urusi na China. Jopo la pamoja la UN na OPCW, lililopewa kazi ya kutaja wahusika, liliitaja serikali kwa klorini ya Talmenes 2014 na Sarmin 2015, liliitaja Dola ya Kiislamu kwa gesi ya haradali ya Marea 2015, na Oktoba 2017 likaitaja serikali kwa sarin iliyopigwa mji wa Khan Shaykhun. Mwezi uliofuata jopo likanyimwa muda na kufa. Khan Shaykhun ni sarin, Kombo. Ilitoka wapi kama zote zilipanda Cape Ray?

#21 Kombo wa Chake
Sikusema zote. Nimesema zile 1,300 zilitoka. Fikiria zingebaki, halafu 2014 na 2015 Dola ya Kiislamu inateka kambi za jeshi moja baada ya nyingine. Leo tungekuwa tunajadili nini?

#22 MtuWaMaji
Na klorini haikuwa kwenye daftari kabisa, si kwa ujanja. Nchi hailazimiki kuitangaza kwa sababu ni ya kutibu maji na kutengeneza dawa za usafi. Marufuku ni kuigeuza silaha. Huwezi kuiondoa nchi klorini halafu watu wanywe nini? Kila mji una mitungi hiyo. Kwa hiyo mkataba ungeandikwa na malaika, bado helikopta ingepata kitu cha kudondosha.

#23 Mjomba Ruta
Sasa niweke maelezo yangu ya kwa nini aliachia, maana Kombo anadhani nasema ni Lavrov tu.

Sumu ile Syria haikuitengeneza kwa ajili ya Ghouta. Waliijenga miaka mingi kuikabili Israel, yenye nyuklia isiyotamkwa. Silaha ya kumtisha jirani inafaa ikiwa imefichwa. Ukishaitumia kwa raia wako, imegeuka mzigo: inakuletea Tomahawk, inakugombanisha na Moscow, na lazima uweke wanajeshi wako bora kuilinda ili waasi wasiichukue, wakati huna wanajeshi wa kutosha hata kulinda barabara ya Homs. Akauza mzigo ambao ulishamchosha, akalipwa uhai. Tangu Septemba 14 alikuwa mtu ambaye dunia inamhitaji, maana bila saini yake malori hayatembei. Wapinzani wake wanasema huo ndio ulikuwa ushindi wake mkubwa wa mwaka, na mimi nakubaliana nao.

#24 Otis_Umoja
Lakini Ruta, Gaddafi alifanya hivyohivyo. 2003 akasema naacha, 2004 akajiunga na mkataba, 2011 tukaona mwisho wake. Assad alikuwa ameiona hiyo video kama sisi sote. Kwa hiyo angeachia kweli, au angebakiza akiba? Mimi naona aliachia kiasi cha kuwatuliza na akabaki na kiasi cha kulala usingizi.

#25 Profesa Uchwara
Hamjagusa shambulio la sumu la Douma, Syria, 2018 na wale wakaguzi wa OPCW waliopinga ripoti ya shirika lao. Au hiyo haipendezi?

#26 Mjomba Ruta
Imeguswa sana kwingine. Timu ya uchunguzi ya OPCW ilitoa ripoti Januari 2023, ikaitaja helikopta ya jeshi la anga la Syria na mitungi miwili ya klorini. Wewe hukubali, fungua uzi wako.

#27 Profesa Uchwara
Nitaufungua. Mtakuja wenyewe.

#28 NahodhaMstaafu_Kilindini
Otis, kuhusu Libya kuna mkia. Mabaki ya kemikali za Gaddafi yalikaa kule jangwani hadi 2016, yakapakiwa Misrata kwenye meli ya Denmark na kupelekwa Ujerumani. Miaka 12 baada ya kujiunga. Safari ile hakuna aliyetishia kupiga, serikali yenyewe iliomba isaidiwe.

#29 dadaZuhura wa Maskati
Ndiyo maana naona Syria ya sasa inafanana na Libya zaidi. Assad kakimbia Desemba 2024, serikali mpya inasema ingieni mkague. OPCW wanasema yanaweza kuwepo maeneo zaidi ya 100 ya kukaguliwa, ukilinganisha na yale 23 ya kwenye daftari. Hapo Kombo utuambie tishio la Obama lilitoa sehemu gani ya mzigo.

#30 Kombo wa Chake
Eneo si tani, dada. Ghala tupu na maabara ya chumba kimoja navyo vinahesabiwa. Ngoja wapime kwanza.

#31 Chura Mkavu
Swali la mtu wa kawaida: gesi ya haradali ikikaa ghalani miaka kumi si inaharibika yenyewe kama maziwa?

#32 NahodhaMstaafu_Kilindini
Thubutu. Wavuvi wa Baltiki, upande wa Bornholm, bado wanaungua mikono kwa madonge ya haradali yanayonaswa kwenye nyavu, mabaki ya vita ya Hitler yaliyotupwa baharini baada ya 1945. Yameganda kama nta na sumu iko palepale.

#33 MtuWaMaji
Sarin ndiyo huharibika upesi, ndiyo maana Syria waliiweka malighafi mbalimbali na kuichanganya karibu na kuitumia. Kwa hiyo kwenye hizo sehemu 100 usitafute sarin, tafuta malighafi na vichanganyio.

#34 Otis_Umoja
Na nani analinda hizo sehemu sasa hivi, usiku huu? Maana Israel ilishapiga baadhi Desemba ileile Assad alipoondoka, na ukipiga ghala unajuaje umemaliza kilichomo au umekizika tu?